Pampu Husingiziwa: Haidroliki ya Trekta la Zamani Inapogoma Kunyanyua

Hotuba hii ilitolewa Magugu, wilayani Babati, mbele ya wamiliki wa matrekta, madereva na mafundi, msimu wa kulima ulipokuwa unakaribia. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, vijana madereva, na akina mama mnaomiliki matrekta, ambao mwaka huu naona mmetuzidi wanaume kwa viti vya mbele: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wote mnaostahili.

Nimeombwa nizungumzie ugonjwa mmoja tu, nao ni ule wa haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, kugoma kunyanyua. Nitazungumzia hasa Massey Ferguson 135, kwa sababu nikitazama hapo nje naona ndilo lililojaa chini ya miti, na nitagusa kidogo watangulizi wake, yaani MF 35 na lile Ferguson la kijivu tunalolijua kwa jina la TE20. Trekta la 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Mengi yaliyoegeshwa hapo nje ni makubwa kiumri kuliko madereva wake, na bado yanalima. Kwa hiyo tusiyaonee aibu, bali tuyaelewe.

Nianze na neno ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo. Pampu husingiziwa. Plau ikikataa kupanda, kauli ya kwanza kijiweni ni kwamba pampu imekufa. Ng'ombe anauzwa, pampu inanunuliwa, kiti kinafunguliwa, kifuniko kizito cha nyuma kinang'olewa pamoja na mikono yake ya kunyanyulia, siku mbili za kulima zinapotea, halafu trekta linawashwa na plau inabaki chini vilevile. Ni wangapi humu ndani yamewakuta hayo? Naona mikono. Naona na wengine wanaoficha mikono.

Ndugu zangu, kabla hatujaishika spana, tujiulize kwanza: oili inapita wapi? Mtu asiyeijua njia ya oili hawezi kujua imekwama wapi.

Nitawapeleka nyuma kidogo. Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Down, kaskazini mwa Ireland. Mwaka 1917, wakati wa vita, alipewa kazi ya kuzunguka Ireland akisimamia matumizi ya matrekta ya serikali ili chakula kiongezeke, na akaona kwa macho yake kwamba trekta na plau vilikuwa vitu viwili visivyopatana. Plau ilifungwa nyuma na kukokotwa, na ilipogonga jiwe au kisiki trekta liliweza kuinuka magurudumu ya mbele na kumpindukia dereva. Kwa miaka mingi Ferguson na mafundi wake walihangaika kulifanya jembe na trekta kuwa mwili mmoja, na matokeo yake ni ile mikono miwili ya chini na toplinki ya juu, pamoja na haidroliki inayohisi udongo unavyoivuta plau na kuirekebisha yenyewe. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford wa Marekani kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata Ford wakatoa trekta lao la 9N likiwa na mfumo huo. Baadaye mjukuu wa Ford akayavunja mapatano. Ferguson akashitaki, na mwaka 1952 kesi ikamalizwa kwa Ford kumlipa dola milioni 9.25.

Kwa nini nawachosha na kesi ya Wazungu? Kwa sababu pamoja na fedha hizo, Ford walikubali kuacha kutumia kifaa fulani, na kifaa hicho ndicho kilichomo ndani ya trekta lako. Ni valvu ya kuongozea oili iliyowekwa upande ambao pampu inanyonyea, badala ya upande inaposukumia.

Hapa naomba utulivu kidogo, kwa maana mengine yote nitakayosema yanategemea jambo hili. Pampu ya 135 ina pistoni nne, nayo imelala ndani ya oili ileile inayolainisha gia na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Ukiipandisha leva, valvu inafungua mlango wa kunyonyea, pampu inavuta oili na kuisukuma juu kupitia bomba hadi kwenye silinda iliyo chini ya kiti, pistoni ya silinda inasukuma, mikono inapanda. Ikifika kimo ulichotaka, valvu inafunga mlango. Pampu inaendelea kuzunguka, lakini haipati kitu cha kunyonya, na oili iliyokwisha kupanda inabaki imefungiwa juu. Ukishusha leva, valvu inafungua mlango mwingine, oili inarudi chini, plau inashuka kwa uzito wake. Kupandisha, kushikilia, kushusha: hali tatu tu. Mnaona sasa? Plau ikiwa imeshikiliwa juu, pampu haifanyi kazi yoyote. Basi plau ikishuka yenyewe ukiwa umezima injini, kwa nini tunailaumu pampu?

Sasa twende kwenye trekta lililogoma kabisa, lisilopandisha hata mikono mitupu.

Mama mmoja wa bonde la Kiru alinipigia simu akiwa karibu kulia. Trekta lake lilikuwa limekodishwa kubeba mahindi kwa tela, likarudi nyumbani, likafungwa plau, plau ikakataa. Fundi wa kwanza alisema pampu. Pampu ikanunuliwa, ikafungwa, plau ikakataa tena, na fundi akaanza kusema kwamba labda pampu mpya nayo ni feki. Nilipofika nilipanda kwenye kiti nikatazama kulia, zilipo leva mbili zilizoandamana. Leva moja huongoza kimo, kwa maana kwamba mikono hufuata pale unapoiweka. Nyingine huongoza kina cha kulima kwa kufuata mvuto wa udongo. Leva ya kina ilikuwa imeshushwa hadi chini, pengine na mtu aliyeipiga goti wakati wa kupakia magunia, na dereva alikuwa akiipandisha na kuishusha ile ya kimo peke yake mchana kutwa. Niliipandisha ile nyingine. Plau ikapanda.

Katika 135 leva hizi mbili haziamuriani. Ukitaka kutumia ya kimo, ya kina lazima iwe juu. Ukitaka kulima kwa kutumia ya kina, ile ya kimo iache kwenye alama ya kusafiria. Iliyo chini ndiyo inayoshinda. Leva mbili juu, kisha ndipo uzungumze habari za pampu!

Wenye TE20 wana lao la ziada: pampu yao inazungushwa na pitio (PTO), ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa vya nyuma, kwa hiyo leva ya pitio ikiwa haijaingizwa, hakuna haidroliki hata kidogo. Na kwenye 135 yenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga pedali nusu gia zinasimama lakini pampu inaendelea; ukiikanyaga hadi mwisho, pampu nayo inasimama. Kuna madereva wanaonyanyua plau huku wameikandamiza klachi hadi chini, halafu wanashangaa.

Baada ya leva, oili. Je, mnapima oili mikono ikiwa juu au chini? Nasikia majibu mawili. Ipimwe mikono ikiwa chini, trekta likiwa limesimama mahali tambarare, kwa sababu mikono ikiwa juu sehemu ya oili imo ndani ya silinda na kipimo kitakudanganya. Na wenye tela za kupindua wanisikilize kwa makini. Tela ya kupindua inakunywa oili ya trekta. Trekta ambalo kipimo chake kiko mstari wa chini linaweza kunyanyua plau vizuri, lakini ukiliunganisha na tela, silinda ya tela inameza lita kadhaa, pampu inaanza kuvuta hewa, tela inakwama katikati ya kupinduka ikitetemeka. Tena tela moja ikizunguka kwa matrekta matano, inachukua uchafu wa trekta la kwanza na kuugawia mengine manne. Mimi nikiletewa trekta lenye oili nyeusi lililobadilishwa oili mwezi uliopita, swali langu la kwanza ni kuhusu tela.

Hapo hapo kwenye oili kuna adui mwingine, ambaye ni maji. Fungua kizibo, chovya kijiti cha kupimia, kitazame kwenye mwanga wa jua. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo. Yameingia wapi? Mara nyingi kwenye mpira ulio chini ya leva ya gia. Mpira ule ukipasuka, trekta likalala nje masika yote, kila mvua inashuka na ile leva hadi ndani. Kuna trekta lililokaa hivyo msimu mzima katika shauri la mirathi, ndugu wakigombea nani alichukue. Shauri lilipoisha mrithi akalikuta halinyanyui. Tulipofungua kifuniko cha ubavuni, valvu ya kuongozea ilikuwa imeganda mahali pake, imeshikwa na kutu laini na matope ya oili. Valvu hii ina kifaa kinachoitikisa tikitiki muda wote pampu inapozunguka, kusudi isigande. Lakini trekta likiwa limezimwa hakuna wa kuitikisa. Tuliisukuma taratibu mbele na nyuma hadi ikaachia, tukamwaga oili yote, tukasafisha chujio la wavu lililo kwenye mdomo wa pampu, tukaweka oili mpya. Pampu yenyewe haikuguswa. Mpira wa leva ya gia unauzwa bei ya soda chache, na oili ya nyuma ya 135 ni karibu lita 30. Pigeni hesabu wenyewe.

Nikiwa bado kwenye oili: tumieni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya giaboksi na haidroliki ya trekta kwa pamoja. Oili nzito ya gia peke yake pampu inaivuta kwa shida asubuhi ya baridi. Na yule anayeongezea mafuta ya breki kwa sababu yalikuwepo dukani, anaziharibu oringi zake, yaani vipira vya duara vinavyozuia oili kuvuja, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nikiangalia saa naona nimekula muda, lakini hili linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Plau iko juu, injini inanguruma, umeegesha kando ya shamba unazungumza na mwenye shamba. Plau inashuka kidogo, inapanda. Inashuka kidogo, inapanda. Inaitikia kwa kichwa kama inayoafiki mazungumzo yenu. Ukizima injini, inashuka taratibu hadi inagusa ardhi. Kijana mmoja kutoka Bashnet aliniletea trekta la namna hiyo, na alikuwa tayari ameshafunga fedha ya pampu kwenye leso. Nikamuuliza: plau ikishuka, ni nani anayeipandisha tena? Akafikiri. Akasema, pampu. Nikamuuliza: na kila inaposhuka inaipandisha? Akasema, kila mara. Basi pampu yako ni nzima kuliko wewe na mimi!

Kinachotokea ni hiki. Oili iliyofungiwa juu inavuja mahali. Mikono ikishuka kidogo, leva ya kimo inahisi kwamba mikono haiko pale ilipoagizwa, inaifungua valvu, pampu inajazia, mikono inarudi. Kazi yetu ni kutafuta panapovuja, na wanaoshukiwa si wengi: ringi au oringi ya pistoni ya silinda, oringi za lile bomba la kupandishia oili, kifuniko kidogo cha juu yake, valvu ya usalama, na valvu ya kuongozea yenyewe iwapo imelika kiasi cha kutoziba vizuri.

Tutajuaje ni yupi? Kwa kutazama. Unapunguza oili hadi ishuke chini ya kifuniko cha ubavuni, lakini mdomo wa pampu ubaki umezama. Unanyanyua mzigo, kisha unaukinga mzigo huo kwa magogo au stendi imara ili usiweze kuanguka hadi chini, huku ukiuacha uendelee kuilemea mikono. Unazima injini. Ndipo unafungua kifuniko cha ubavuni, unamulika tochi ndani, macho tu, mkono ubaki nje. Oili ikidondoka kutoka juu, kwenye mdomo wa silinda, ni ringi ya pistoni au silinda imechimbika. Ikitiririka kando ya bomba, ni oringi ya bomba. Ikitoka chini kwenye mwili wa pampu, hapo ndipo ushahidi unapoigeukia pampu au valvu zake. Kwa yule kijana ilikuwa ikitiririka kando ya bomba. Oringi, jamani. Kitu unachoweza kukivaa kidoleni. Fedha iliyokuwa kwenye leso ilirudi nyumbani kwa mkewe, isipokuwa ya oringi, gasketi na soda yangu.

Zile ringi na silinda nazo hazifi zenyewe. Zinauawa na madereva wanaokimbiza trekta kwenye barabara ya makorongo plau ikiwa inaning'inia. Kila shimo linaipiga ile oili iliyofungiwa, na kwa kuwa oili haibonyei, pigo lote linaishia kwenye pistoni na kuta za silinda. Punguzeni mwendo mkiwa mmebeba. Tena 135 ni trekta la nguvu farasi kama 45. Anayelifunga plau ya sahani tatu iliyoongezewa mawe ya uzito asije kuniambia haidroliki ni dhaifu.

Je, pampu haifi kamwe? Inakufa. Nisieleweke kwamba naitetea hadi kaburini. Oili ikiwa safi na imejaa, leva zote juu, valvu inacheza vizuri, na bado mikono mitupu inapanda kwa kusuasua huku ndani kukisikika mlio wa kugonga-gonga, au ukikuta chembechembe za chuma kwenye oili uliyomwaga, hapo tunaifikisha mbele ya hakimu. Hakimu ni geji ya kupimia shinikizo la oili. Inafungwa pale karibu na kiti ambapo oili inapita kuelekea kwenye silinda, na kwenye 135 iliyo nzima, mfumo ukilemewa hadi valvu ya usalama ifunguke, mshale unavuka pauni 2,000 kwa kila inchi mraba. Mshale ukipanda vizuri na mikono haipandi, tatizo liko baada ya pampu. Mshale ukigoma chini, bado usikimbilie dukani, kwa maana valvu ya usalama iliyochoka nayo huachia shinikizo mapema, na yenyewe ni kitu kidogo kinachobadilishwa peke yake. Fundi asiye na geji anabahatisha kwa fedha ya mwenzake. Nasema haya mafundi wenzangu wakinisikia, na wanajua siwachukii. Hapa mjini tunaweza kuchangishana tukanunua geji moja ikazunguka, kama tunavyozungusha ile winchi.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Mtu asiingie chini ya plau iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake, awe fundi, dereva au mtoto aliyetumwa kuokota pini. Nimewaeleza njia tano ambazo oili inaweza kuponyoka, na kila moja inaishusha plau bila kupiga hodi. La pili, mkishuku bomba la tela linavuja, msipapase kwa vidole. Oili yenye shinikizo kama hilo inatoboa ngozi kupitia tundu lisiloonekana, inaingia ndani ya mkono, na jeraha linaonekana dogo kama la mwiba wakati ndani nyama inaoza. Pitisheni kipande cha boksi. Na likimtokea mtu, apelekwe hospitali saa ileile, amweleze daktari wazi kwamba ameingiwa na oili ya shinikizo, asikubali kupakwa dawa ya kidonda na kurudishwa nyumbani.

Nimalizie na la baada ya kufunga, maana ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikiwa. Ukishabadilisha oringi au pampu na kujaza oili, usifunge plau. Washa injini, iache kwenye mwendo wa chini, pandisha na shusha mikono mitupu mara kadhaa hadi hewa itoke na isiwe inashtukashtuka tena. Shusha mikono, zima, subiri oili itulie, pima upya, kwa sababu silinda na mabomba yamekunywa sehemu ya ulichomimina, ongeza kilichopungua. Ndipo ufunge plau, uinyanyue, uweke alama ya chaki kwenye ukuta usawa wa sahani ya nyuma, uzime injini, ukanywe chai. Ukirudi, tazama chaki kabla hujamlipa fundi.

Trekta la Mzee wetu wa Mbugwe liko pale nje, linaitikia kwa kichwa tangu asubuhi, na amekubali tulifungue ubavu. Mwenye tochi na aje nayo.